Afya na Usalama: Lenzi ya kwanza ya picha za karibu



Upele mdogo ukipigwa picha kwa kamera ya kawaida huonekana kama doa tu, na daktari aliye mbali hawezi kuamua kitu. Anayetaka kununua lenzi ya picha za karibu kwa mara ya kwanza atazame kwanza kama imeandikwa 1:1, maana yake picha ndani ya kamera ina ukubwa sawa na kitu chenyewe. Kisha atazame milimita.

Lenzi ya 50 mm ni nyepesi, na bei yake ni nafuu. Lakini ili upele ujaze picha, utaisogeza mpaka sentimeta chache tu kutoka ngozini, na kivuli cha kamera kitafunika pale pale unapopiga. Ya 100 mm huonyesha ukubwa ule ule ukiwa umbali wa kiasi cha sentimeta 15. Mimi nachagua hiyo.

Umbali huo si anasa. Mwaka 2023 aina mpya ya ugonjwa wa Mpox ilitokea Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu kama hapa Omate. Huambukiza hasa kwa kugusana ngozi. Vaa glavu, weka rula kando ya upele bila kuugusa, tumia mwanga wa dirisha. Uso usipigwe bila ruhusa ya mgonjwa.

Picha haithibitishi Mpox. Maabara ndiyo huthibitisha, kwa kupima sampuli ya upele. Mwenye homa na upele afike kwa mganga siku hiyo hiyo, asingoje kamera.