Kompyuta Inapokataa Kufuta Faili

Zamani kompyuta tuliziona mjini tu, benki na kwenye ofisi kubwa kubwa. Siku hizi utaikuta hata kijijini, kwenye ofisi ya chama cha kuweka na kukopa, au nyumbani kwa mtu mwenye kijana wa sekondari. Nyingi ni za mtumba. Zimeshatumiwa na watu wengine kabla yetu, na hapo ndipo matatizo mengine yanapoanzia.

Baadhi yenu mmetuuliza hivi: "Nataka kufuta faili, kompyuta inakataa. Inasema sina ruhusa. Kompyuta ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu. Sasa ruhusa niombe kwa nani?"

Swali hili ni zuri. Sisi wenyewe hapa gazetini lilitukuta, na tuliharibu mambo kabla ya kulielewa. Hebu tulitazame pamoja. Tutasema habari za kompyuta zenye Windows, maana ndizo nyingi huku kwetu. Maneno ya Kiingereza yanayotokea kwenye kioo tutayaandika kama yalivyo, ili mkiyaona myatambue.

Faili ni kitu kimoja kilichotunzwa ndani ya kompyuta: barua, picha, au orodha ya wanachama. Folda ni kama mkoba wa kutilia mafaili. Hayo yanatosha kwa kuanzia.

KWANZA SOMA

Kompyuta ikikataa kufuta, huandika sababu yake. Lakini wengi wetu hatuisomi. Tunaona kisanduku kimetokea, tunabofya haraka haraka kiondoke! Nyinyi mliojifunza kusoma ukubwani mnajua hasara ya kutia dole gumba kwenye karatasi usiyoijua. Basi na hapa ni hivyo hivyo.

Ukiona maneno *file is open*, maana yake faili hilo limefunguliwa mahali pengine na linatumika. Huwezi kuosha sahani ambayo mwenzako bado anaila. Funga programu zote. Ikiwa bado inakataa, bofya Restart ili mashine ijizime na kujiwasha upya, kisha jaribu tena. Mara nyingi tatizo huishia hapo, wala huhitaji fundi.

Ukiona neno *permission*, hiyo ndiyo ruhusa. Hapa pana maneno mengi zaidi.

MWENYE FAILI NI NANI?

Mfugaji hupiga ng'ombe wake chapa. Windows nayo hulitia kila faili chapa ya mwenyewe, yaani ya akaunti iliyolitengeneza. Akaunti ni lile jina unaloingilia ukiwasha kompyuta. Akaunti ziko za namna mbili. Iko ya mtumiaji wa kawaida, na iko ya msimamizi, ambayo vijana huiita adimini. Msimamizi anaweza kuingiza programu mpya, kubadili mipango ya mashine na kugusa mafaili ya wengine. Mtumiaji wa kawaida hawezi.

Lakini mbona hata msimamizi hukataliwa? Tangu Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa watu wote mwezi Januari 2007, msimamizi naye huulizwa kwanza. Kioo hufifia, kisha hutokea swali la Yes au No. Kompyuta inataka kujua kama ni wewe kweli unayetaka jambo hilo, au ni programu mbaya iliyojificha ndani.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Windows haikujui kwa jina. Inakujua kwa namba ndefu sana inayoanza na S-1-5-21. Tuseme fundi anaweka Windows upya, nawe unafungua akaunti kwa jina lako lile lile la zamani. Namba yako inakuwa nyingine! Kwa kompyuta wewe ni mgeni, kama vile kijijini wanavyoweza kuwapo akina Juma wawili, kila mmoja na shamba lake. Kwa hiyo ukichomeka diski ya zamani unaweza kuambiwa uombe ruhusa kwa S-1-5-21 na tarakimu nyingine nyingi. Huyo ni mwenye mali ambaye hayupo tena. Hata umtafute vipi, humpati.

Dawa yake ipo. Ingia kwa akaunti ya msimamizi. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha Security, kisha Advanced. Juu utaona neno Owner, yaani mwenye mali. Kando yake bofya Change, andika jina la akaunti yako, bofya Check Names ili kompyuta ihakikishe, kisha OK. Kitatokea kisanduku kidogo chenye maneno *Replace owner on subcontainers and objects*. Kitie alama ili na vilivyomo ndani vihamie kwako. Bofya OK mpaka mwisho. Ikiwa bado inakataa, rudi Security, bofya Edit, chagua jina lako, tia alama kwenye Full control. Jina likikosekana, liongeze kwa Add.

Fanya hivyo kwa folda moja tu, ile unayoijua. Tunasisitiza: folda moja. Sababu yake ni hii.

YALIYOTUPATA SISI

Mwaka 2022 tulinunua kompyuta ya mtumba katika duka moja la mjini. Baada ya muda diski ikajaa. Tukakuta folda kubwa ya mtu aliyeitumia kabla yetu. Tukabofya Delete, ikakataa. Mwenzetu mmoja akasema, "Niachieni, mimi ndiye adimini." Akachukua umiliki wa diski nzima, kisha akaanza kufuta kila asichokijua. Alifika hata kwenye folda iitwayo Windows. Kumbe huko ndiko yaliko mafaili yanayoiendesha mashine yenyewe. Ukiambiwa uombe ruhusa kwa TrustedInstaller, ujue umefika huko. Acha, usiguse.

Asubuhi yake kompyuta haikuwaka. Tukaipeleka kwa fundi, naye akasafisha diski yote na kuweka Windows mpya. Ile folda tuliyotaka kuifuta ikaondoka kweli. Lakini ziliondoka pia barua za wasomaji za miezi mitatu, pamoja na orodha ya watu waliokwisha kulipia gazeti. Tulikuwa na fedha za watu, majina yao hatuna! Ilibidi tupite kijiji kwa kijiji na nakala za stakabadhi, tukiuliza nani alilipa na nani hakulipa. Kuna mzee alitutazama tu, akatuuliza kama daftari limekatazwa siku hizi.

Baadaye ndipo tulipojifunza kwamba kompyuta isiyowaka haina maana kwamba mafaili yamekufa. Fundi angeweza kuifungua diski, kuichomeka kwenye mashine nyingine na kunakili orodha yetu kwanza. Lakini hatukumwambia, naye hakuuliza. Basi ukipeleka mashine kwa fundi, mwambie kabla hajaigusa: "Nakili mafaili yangu kwanza." Mwandikie kwenye karatasi kama ni lazima.

NA KAPU LA TAKA?

Faili ulilolifuta kwa njia ya kawaida huenda kwenye kapu liitwalo Recycle Bin. Ukijuta unaweza kulirudisha: lifungue kapu, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Restore. Lakini ukifuta kwa kubonyeza Shift na Delete pamoja, halipiti kapuni. Faili la kwenye flashi nalo kwa kawaida halipiti kapuni, linaondoka moja kwa moja. Hili huwaponza watu wengi, maana wanadhani kapu linapokea kila kitu.

Jambo la mwisho ni akaunti. Kwenye kompyuta ya kikundi, kila mtu akiingia kama msimamizi, virusi vikimwingilia mmoja wao vinaweza kupata nguvu za msimamizi. Afadhali kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti ya kawaida, na neno la siri la msimamizi wawe nalo watu wawili tu. Kwa nini wawili? Kwa sababu mmoja akisafiri au akifariki, kikundi kizima kitabaki mlangoni. Sisi letu tumeliandika, likafungwa ndani ya bahasha, mhazini analo.

Na orodha ya waliolipa tunainakili kwenye flashi kila Ijumaa jioni. Flashi hiyo hailali ofisini, inalala nyumbani kwa mhazini. Daftari nalo tumelirudisha mezani.