Mtoto Aliyezaliwa na Kilema cha Njia ya Mkojo

Ukimleta mtoto kwa munganga hapa Panda, mara nyingi umekwisha kuupa ugonjwa wake jina kabla ya kufika mlangoni. Ana homa: ni malaria. Mkojo una damu: ni kichocho. Tumbo limevimba: ni bandama. Analowesha mkeka: ni uvivu, na wengine, hata katika kanisa, hunong'ona kwamba ni ulozi. Pengine jina la ugonjwa ni la kweli. Lakini wako watoto ambao shida yao ilianza tumboni mwa mama, na jina lile linawachelewesha.

Figo za mtoto zinaanza chini, karibu na nyonga, kisha zinapanda mpaka mgongoni. Pengine zinaungana kama kiatu cha farasi. Ni hivyo kwa mtu 1 hivi katika 500, na wengi wanazeeka bila kujua. Wengine wana figo moja tu, nao wanalima vizuri. Tunaowahofia ni wale ambao mkojo wao umezuiwa njiani, au unarudi nyuma, maana figo inaharibika polepole bila kelele.

Mama, mtazame mtoto wako wa kiume anapokojoa. Akijikaza, na mkojo ukitoka matone matone, huenda ndani ya njia kuna ngozi ndogo inayofunga kama mlango. Usingoje akue. Munganga ataingiza mpira mwembamba ili mkojo upite, kisha atamtuma Lubumbashi, kilomita 120 hivi, ngozi ile ikatwe.

Msichana naye ana jambo lake. Anakojoa kwa saa zake kama wenzake, lakini nguo yake haikauki, mchana wala usiku. Huyu si kikojozi. Kikojozi hulowesha akilala, na mchana ni mkavu. Mrija mmoja wa figo ya msichana huyu umetokea chini ya mlango wa kibofu, kwa hiyo mkojo unapita bila kuzuiwa. Wengine humdhania ana ugonjwa wa wanawake waliochanika katika kuzaa, naye hajazaa kamwe! Fimbo haitamponya, wala hirizi. Kisu cha munganga kitamponya.

Na homa je? Wadudu wa malaria wakionekana katika damu, mtoto apewe dawa. Lakini katika inchi yetu mtoto anaweza kuwa na wadudu wale, na homa ikatoka kwingine. Homa ikirudi tena na tena, naye hakohoi wala hahari, ombeni mkojo wake upimwe. Bandama iko upande wa kushoto. Uvimbe wa kulia una sababu nyingine, na hata wa kushoto unaweza kuwa figo iliyojaa mkojo. Picha ya ekografi itaonyesha, nayo haiumizi.

Akina mama wanauliza kama ni vumbi la migodi. Uchunguzi wa Lubumbashi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha vilema vingi zaidi kwa watoto wa wababa wa migodini, lakini ulitazama vilema vinavyoonekana kwa macho, na figo imefichwa. Jambo moja ni hakika: dawa za tansion kama captopril na enalapril zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Mama anayezinywa, akijua ana mimba, aje kwetu siku ile ile. Ziko nyingine za kumpa.