Kupima tovuti kwa programu: uanze kujifunza ipi?

Swali limetufikia kutoka Mabira, wilayani Kyerwa. Kijana aliyemaliza chuo anataka kazi ya kupima tovuti. Ameona majina matatu, Selenium, Cypress na Playwright, na bando lake halitoshi kujaribu yote. Aanze na ipi?

Kwanza kazi yenyewe. Unajaza fomu ya kuomba mkopo wa chuo kwa simu, unabonyeza "Tuma", kitufe kinagoma, na ni usiku wa mwisho wa kupokea maombi. Mwaka umepotea hapo. Mpimaji anatakiwa alikute kosa hilo kabla yako. Badala ya kujaza fomu ileile kwa mkono mara hamsini, anaandika maelekezo: programu inafungua kivinjari, inajaza majina, inabonyeza, kisha inasema kama jibu ni lile lililotarajiwa.

Selenium ndiyo kongwe. Ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins huko Chicago, na inatumika kwa Java, Python, C#, Ruby na JavaScript. Kampuni nyingi zenye mifumo ya zamani bado ziko nayo. Shida yake kwa anayeanza ni kusubiri. Ukurasa ukichelewa kufunguka (na huku kwetu unachelewa), inatafuta kitufe ambacho hakijatokea, na jaribio linafeli wakati tovuti ni nzima. Ni juu yako kuandika isubiri nini.

Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, husubiri yenyewe mpaka kitufe kiwe tayari. Inakubali JavaScript, Python, Java na C#. Cypress inaonyesha vizuri kila hatua, ila inakufunga kwenye JavaScript na ndugu yake TypeScript.

Sisi tungeanza na Playwright, kwa lugha unayoijua tayari. Zote tatu zinapatikana bure. Kinacholiwa ni bando. Kwa kawaida Playwright hupakua vivinjari vyake, mamia ya megabaiti, lakini kama kompyuta ina Chrome unaweza kuielekeza itumie hiyo. Kompyuta ni lazima. Kama huna, simu itakusaidia kusoma Python kwanza.

Usijifunzie kwenye mfumo wa watu. Tengeneza fomu ndogo kwenye kompyuta yako, hata ya kuandika kilo za kahawa zinazopokelewa chama cha msingi, haihitaji intaneti. Iharibu makusudi, uone kama jaribio lako litakamata kosa.