Jinsi ya kubadilisha sura ya tovuti ya picha bila kuiharibu

WATALII wengi huiona Diani kwenye skrini kabla ya kuikanyaga. Ndiyo sababu mwenye nyumba za wageni, mpiga picha za harusi ufuoni au nahodha anayewapeleka wageni Kisite kutazama pomboo huhitaji tovuti yenye picha za kuvutia. Hata hivyo, wengi huiharibu tovuti hiyo wakati wanapojaribu kuipamba.

Tovuti ya aina hii huwa na sehemu tatu. Kwanza ni programu inayoiendesha, mathalan WordPress, iliyoanza mwaka wa 2003, au Piwigo, iliyoanza mwaka wa 2002 kwa jina la PhpWebGallery. Pili ni picha zenyewe pamoja na maelezo yake katika hifadhidata. Tatu ni mandhari, yaani faili zinazoamua rangi, herufi na mpangilio wa picha.

Kosa la kawaida ni kuhariri faili asilia za mandhari. Mabadiliko huonekana papo hapo, lakini mandhari inaposasishwa, faili mpya huchukua nafasi ya zile za zamani na kazi yote hupotea. Kwa kuhofia hasara hiyo, mwenye tovuti huacha kusasisha. Hapo huwa amewafungulia wahalifu mlango.

Yaliyotokea Agosti 2011 yanatosha kuwa funzo. Mandhari nyingi za WordPress zilikuwa na programu ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha iliyoitwa TimThumb. Programu hiyo iliruhusiwa kuchukua picha kutoka tovuti chache zilizoaminika, kama vile flickr.com, lakini ilikagua tu iwapo jina hilo limo ndani ya anwani. Mhalifu aliyetumia anwani ndefu yenye jina hilo aliweza kupenyeza faili ya hila badala ya picha, kisha akaitawala tovuti. Tiba ilipatikana, ila ilipasa kuifikia kila mandhari iliyokuwa na programu hiyo. Aliyekataa kusasisha alibaki hatarini.

Njia salama ni kuyatenga mabadiliko yako na faili asilia. Katika WordPress, hili hufanywa kwa kuunda mandhari-mtoto. Hii ni folda ya pembeni yenye faili ya style.css, ambayo mstari wake wa "Template" hutaja folda ya mandhari mama. Mtoto hurithi kila kitu kutoka kwa mama, isipokuwa yale uliyoyabadilisha. Mama akisasishwa, mtoto haguswi. Katika Piwigo, maagizo yako ya rangi na mpangilio huwekwa katika folda iitwayo "local", ambayo haiguswi mandhari inaposasishwa.

Tahadhari moja husahaulika. Faili unayoinakili kutoka kwa mama na kuiweka kwa mtoto haitasasishwa tena. Ikiwa na kasoro, kasoro hiyo itabaki. Kwa hivyo nakili tu unayoihitaji, na uilinganishe na ya mama kila baada ya kusasisha.

Kabla ya kugusa chochote, weka nakala ya akiba ya faili na ya hifadhidata pia, kwani picha bila maelezo yake ni nusu ya kazi. Nakala hiyo isikae kwenye seva ileile. Jaribu mabadiliko kwanza kwenye kompyuta yako, na uyatazame kwa simu pia, kwani wageni wengi hutumia simu. Aidha, jiepushe na mandhari za kulipiwa zinazogawanywa bure na watu usiowajua, kwa kuwa mara nyingi huficha programu za uhalifu.

Mwisho, chagua wakati ufaao. Msimu wa Desemba, wageni wanapotafuta vyumba, si wakati wa majaribio. Miezi ya mvua za masika, ambapo wageni hupungua Diani, ndiyo ifaayo kwa kazi hiyo.