Uvutaji sigara na ufaulu wa wanafunzi wa vyuo vikuu

Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaovuta sigara hupata, kwa wastani, alama za chini kuliko wasiovuta. Hata hivyo, hilo halithibitishi kwamba sigara ndiyo chanzo: msongo wa mawazo, unywaji pombe au kukosa usingizi huweza kuleta yote mawili.

Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na takriban nusu yake huondoka katika damu baada ya saa 2 hivi. Hapo mvutaji aliyezoea huanza kukosa utulivu na umakini, hata akiwa katikati ya mtihani. Sigara inayofuata humtuliza, naye hudhani imemsaidia kusoma, kumbe imeondoa tu shida iliyoletwa na ile ya kwanza.

Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara katika taasisi za elimu.