Kuuliza Hali: Kiswahili na Ufuatiliaji wa Afya ya Wahitimu wa Chuo Kikuu

Makala haya yahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la matabibu na wanauchumi, wala si la wanaisimu. Nalo ni kufuatilia afya na ustawi wa vijana waliohitimu chuo kikuu, kwa kuwauliza maswali yale yale mwaka baada ya mwaka, ili ijulikane maisha yamewatendea nini tangu walipovua majoho. Lakini kazi hiyo yote yasimama juu ya maswali, na maswali ni lugha. Swali likifahamika hivi mwaka huu na vile baada ya miaka mitano, tofauti itakayoonekana katika majibu haitatuambia kama waliobadilika ni watu au ni maneno. Nakusudia kuonyesha ya kuwa katika Kiswahili shida hii ina sura yake ya pekee, na kwamba yaanzia mahali ambapo hatukuzoea kuitafuta, yaani katika salamu.

Ufuatiliaji wa namna hii si mpya. Huko Harvard, Marekani, mwaka 1938 wataalamu walianza kuwachunguza wanafunzi wanaume, ambao idadi yao ilifika 268, nao wakaendelea kuwauliza hali zao baada ya kuhitimu, katika ndoa na kazi, hata uzeeni. Mmoja wao, John F. Kennedy, alipata kuwa Rais wa nchi yake. Hapo mwanzo wachunguzi walishughulika mno na vipimo vya maumbile. Baadaye, utafiti huo uliposhikwa na George Vaillant, mkazo ulihamia kwenye uhusiano wa mtu na wenziwe, ulevi, na namna anavyostahimili misukosuko. Huko Hispania, Chuo Kikuu cha Navarra kilianza mwaka 1999 kuwafuatilia maelfu ya wahitimu kwa hojaji inayotumwa kila baada ya miaka miwili, hasa kwa ajili ya kujua uhusiano wa chakula na maradhi. Sababu ya kuwachagua wahitimu ni nyepesi kueleza: mtu aliyesoma aweza kujaza fomu ndefu bila msaada, na si taabu sana kumpata tena.

Uingereza nayo, tangu mwaka 2018, ina uchunguzi unaowafikia wahitimu yapata miezi 15 baada ya kumaliza masomo. Sehemu kubwa yahusu ajira, lakini yamo pia maswali manne yatumiwayo na ofisi ya takwimu ya nchi hiyo: mtu ameridhika kiasi gani na maisha yake siku hizi, aona mambo anayoyafanya yana thamani kiasi gani, jana alikuwa na furaha kiasi gani, na jana alikuwa na wasiwasi kiasi gani. Hujibiwa kwa tarakimu, tangu 0 hadi 10. Kwa ufupi wake maswali haya yavutia kuigwa, na ndiyo maana nayatumia hapa kuwa mfano. Kwetu Afrika ya Mashariki uchunguzi wa wahitimu aghalabu huuliza kazi na mshahara. Moyo wa mtu hauulizwi sana. Siku tutakapoamua kuuliza, yafaa lugha iwe tayari.

Kila mgeni ajifunzaye Kiswahili huambiwa mapema ya kuwa *hujambo* ni kanusho: huna jambo, halikukupata neno. Jibu lake ni *sijambo*, nalo si jibu la kuchagua. Mwenye homa husema sijambo kwanza, kisha ndipo aongeze, "ila homa kidogo." Aliyefiwa ataitika "njema" au "salama", halafu asimulie msiba. Adabu yataka salamu itimie kabla ya habari, wala hapana uongo ndani yake, maana wote wawili wajua ya kuwa neno la kwanza silo habari yenyewe. Basi hebu tufikiri hojaji iletwayo kwa mhitimu, na swali lake la kwanza liseme, "Kwa jumla, hali yako ya afya ikoje?" Hiyo ni salamu iliyopigwa chapa, nayo itajibiwa kama salamu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikutana katika kituo cha basi na kijana niliyepata kumfundisha. Alikuwa amehitimu vizuri. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." "Habari za siku nyingi?" "Nzuri tu." "Na kazi?" "Tunapambana, Mwalimu." Tukasimama kimya, kila mmoja akitazama njia. Kisha akasema, pasipo kuulizwa, ya kuwa huo ulikuwa mwezi wa tatu hapati usingizi. Na kwamba alikuwa ameacha kwenda vikao vya harusi, hata mazishini, kwa kuwa hana mchango wa kutoa na kila mtu humwuliza kama amepata kazi. Lau ningalikuwa na fomu mkononi, nikaijaza kwa majibu yale matatu ya kwanza, kijana yule angaliandikwa katika watu wenye afya njema.

Yafaa tutazame sasa maneno yenyewe, tukianza na *wasiwasi*, maana ndilo gumu kuliko yote. Katika Kiarabu, asili yake ni mnong'ono wa kutia shaka moyoni, na Kiswahili hakikuiacha asili hiyo. Nikisema "nina wasiwasi naye" sikusema ya kuwa nafsi yangu imefadhaika, nimesema simwamini. Nikisema "sina wasiwasi" pengine nina maana ya kuwa nina hakika. Mhitimu akiulizwa, "Jana ulikuwa na wasiwasi kiasi gani?" aweza kujibu habari za hofu iliyombana kifua, au za shaka aliyokuwa nayo juu ya mtu aliyemwahidi kazi, na tarakimu 7 itaandikwa kwa yote mawili.

Swali la *thamani* lina mtego wa namna nyingine. Tukisema mambo anayoyafanya mtu "yana faida", kijana anayeendesha bodaboda huku shahada imo sandukuni atapiga hesabu ya fedha iliyobaki baada ya mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki. Tukisema "yana maana", tutagongana na *mtu wa maana*, yaani mtu wa cheo. Mimi naona "yana thamani kwako" hudhuru kidogo kuliko mengine, lakini hata hilo ladai kujaribiwa. Hali kadhalika *ustawi*. Kitenzi *kustawi* ni kizuri, chafaa mimea, miji na watu. Ila mjini hapa mtu akisema amekwenda "ustawi", wasikilizaji hufahamu ya kuwa ana shauri la matunzo ya mtoto katika ofisi ya Ustawi wa Jamii. Nao wapendao kutumia ile ngazi ya Hadley Cantril, ambayo tangu mwaka 1965 imeuliza mtu ajiona amesimama kidato gani kati ya maisha mabaya na mema kabisa, wakumbuke ya kuwa kwa mwalimu mwenye shahada aliyeajiriwa na Serikali ya Tanzania *ngazi* ni ya mshahara, na jibu lake analo tayari: TGTS D.

Ama kwa maradhi ya moyo mzito, msamiati wetu una utajiri unaotatiza. Wataalamu wa Tanzania hutumia *sonona*; Kenya wengi husema *unyogovu*; wako wasemao *mfadhaiko*, na *msongo wa mawazo* umeenea kila mahali. Vijana wenyewe husema *stresi*, lakini neno hilo limekwisha kuwa jepesi: hata foleni ya magari huwapa stresi. Na neno la kale kupita hayo yote halikuhitaji kuundwa na kamati yoyote. Mtu akisemwa "ana mawazo" hatuulizi mawazo gani. Twajua ya kuwa analemewa. (Ni jambo la kushangaza kidogo kwa taifa linalowapeleka watoto wake chuoni ili wapate mawazo.) Wachunguzi waliofanya kazi Dar es Salaam walilitambua hili mapema. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kuipima kwa Kiswahili orodha ya dalili iliyotoka Marekani, wakiitumia kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Na mwaka 2008 wakatoa hojaji yao wenyewe, yenye maswali 19, iliyojengwa juu ya namna watu wa hapa wanavyoieleza taabu yao. Wale hawakuwa wahitimu, lakini njia ni ile ile: kwanza sikiliza maneno ya watu, ndipo uandike swali.

Watakuwako wasemao: wahitimu wajua Kiingereza, basi waulizwe kwa Kiingereza, nasi tuepukane na taabu hizi. Mimi siafiki. Kiingereza chao wengi ni cha darasa na mtihani; si lugha aliyoitumia yule kijana pale kituoni. Aidha, ujuzi wa lugha mbili waleta shida ambayo sijaona ikitiliwa maanani vya kutosha, nayo ni ya kuitika swali lenye kanusho. Mswahili akiulizwa, "Hupati usingizi?" naye hapati, ataitika "Ndiyo", yaani ni kweli usemayo. Mwingereza katika hali hiyo hiyo husema "hapana" kwa lugha yake. Mhitimu wetu amesomeshwa kwa Kiingereza tangu sekondari au kabla yake. Basi "Ndiyo" yake yatoka upande gani? Mkulima asiyejua Kiingereza hana utata huu. Ni msomi pekee awezaye kuitika kwa njia zote mbili, pengine katika ukurasa mmoja, na hakuna awezaye kuzitenganisha mara alama ikishatiwa ndani ya kisanduku. Sioni dawa nyingine ila kuyaondoa maswali ya kukanusha katika hojaji zote za wahitimu.

Nyakati za vitenzi nazo zataka uangalifu. "Huchoka upesi?" ni swali la mazoea, na "huchoki upesi?" ni kanusho, tofauti ni herufi moja, na wapiga chapa ni binadamu. Tena *hu-* ya mazoea haimtaji mtendaji. "Umechoka?" huuliza hali ya sasa hivi. Kitu tunachokitaka ni mwendo wa siku kadhaa, nacho Kiswahili kinacho: "Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukichoka upesi?" Sentensi ni ndefu, lakini haina njia mbili. Ama neno *jana*, watafiti wa pwani wakumbuke ya kuwa kwa wengi usiku hutangulia mchana, na usiku wa Ijumaa ni ule ufuatao magharibi ya Alhamisi. Mtu aliyekesha usiku wa kuamkia leo, je, alikesha jana?

Mpaka hapa nimesema habari za swali liulizwalo mara moja. Linaloulizwa kila mwaka lina mzigo zaidi. Hojaji ya afya aliyoitunga David Goldberg, iliyotoka mwaka 1972, humtaka mtu ajilinganishe na kawaida yake: amelala vibaya kuliko kawaida? Mwaka wa kwanza baada ya chuo, *kawaida* ya mhitimu ni ya bwenini, ya marafiki na ya boomu, kama wanafunzi waitavyo fedha ya kujikimu ya mkopo. Mwaka wa nne, kukosa usingizi kwenyewe kumekwisha kuwa kawaida, naye atajibu kwa ukweli mtupu ya kuwa halali vibaya kuliko kawaida. Katika jedwali ataonekana amepona.

Kwa hiyo ningependekeza maswali yaanze na vitenzi vya mwili na vya kutangamana na watu, kabla ya nomino za hali: unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi, unakula mara ngapi kwa siku, mara ya mwisho kwenda shughulini kwa watu ilikuwa lini, nani anayejua unayoyapitia. Salamu zitolewe kwanza na zijibiwe zote, mwulizaji asizihesabu. Maneno ya swali yasiguswe tangu mwaka wa kwanza hata wa mwisho, ijapokuwa mtafiti mpya atatamani kuyanyoosha. Badala yake, kila mara wachache kati ya waliojibu waombwe waeleze kwa maneno yao walifahamu nini, na maelezo hayo yawekwe pamoja na takwimu. Hapo ndipo mwanaisimu ana kazi, wala si kazi ya kutafsiri siku moja akaenda zake. Neno kama *stresi* laweza kubadilika uzito katika muda ule ule tunaomfuatilia mtu mmoja.

Labaki suala la wale wasiojibu. Barua pepe ya chuo huzimwa, laini ya simu hubadilishwa, na anayepotea aghalabu si yule aliyefanikiwa. Kwetu njia ya kumpata ni jamaa zake. Lakini mama akipigiwa simu na kuulizwa habari za mwanawe atasema, "Hajambo." Mwulizaji asikate simu hapo, wala asiandike kitu. Angoje, kwa kuwa baada ya neno hilo kwa kawaida hufuata *ila* au *lakini*, na yatakayosemwa baada yake ndiyo ya kuandikwa, kwa maneno yale yale ya mama.