Fahamu: Je, jengo libadilishwe jina mwenye jina akishutumiwa?

Ni mjadala wa kuondoa au kubakiza jina la mtu kwenye jengo, shule, barabara au mji baada ya matendo yake kulalamikiwa.

Si jambo geni

Wakazi wa mji wa Kapsokwony, magharibi mwa Kenya, wana mifano ya jirani. Enzi za ukoloni Webuye iliitwa Broderick Falls. Moi's Bridge, kwenye barabara ya Kitale–Eldoret, ilikuwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey. Majina ya walowezi yaliondolewa, na nafasi ya baadhi yake ikachukuliwa na majina ya marais, ambao nao huweza kulalamikiwa. Hapo ndipo ugumu wa leo ulipo.

Mfano mzito

Nyayo House, Nairobi, imebeba kaulimbiu ya Rais Daniel arap Moi. Miaka ya 1980 wapinzani wa serikali waliteswa katika vyumba vyake vya chini ya ardhi. Mwaka 2003 serikali mpya ilivifungua watu wavione. Jina limebaki.

Hoja

Wanaotaka mabadiliko husema jina ni heshima, na heshima huweza kuondolewa. Wanaoyapinga hutaja historia, pamoja na gharama za vyeti, vibao na ramani.

Lolote litakaloamuliwa, waathiriwa wasikilizwe kwanza, na jina likiondolewa, kibao kieleze jina hilo la zamani na sababu ya kuliondoa.